Jiwe Lililoshika Mlango

Kwa miaka mitatu mgodi wa Hester Ann haukutoa dhahabu, ulitoa mikosi. Pampu kubwa ilivunjika mhimili wiki ya Krismasi. Kamba ya chuma ya winchi ilikataliwa na mkaguzi, na mkaguzi alikuwa na haki, jambo lililouma zaidi. Magogo ya kuegemeza dari kwenye ngazi ya nne chini ya ardhi yalioza, yakabadilishwa, na yale mapya yakapasuka kwa uzito wa mlima. Na siku chache ambazo mwamba ulikubali kutema kidogo, bei ya dhahabu ilikuwa ileile ambayo serikali iliipigilia msumari kabla ya vita, huku baruti, mbao na buti vikipanda kila mwaka. Kuchimba dhahabu California katika miaka ile ya hamsini kulikuwa sawa na kuuza maziwa kwa bei ya babu na kulisha ng'ombe kwa bei ya leo.

Hedley Nankervis, kapteni wa mgodi, aliyajua haya kuliko mtu yeyote, maana yeye ndiye aliyempelekea mwenye mgodi habari mbaya kila mwisho wa mwezi. Mwenye mgodi alikuwa Bi. Corinne Ashdown, mwalimu wa piano mstaafu huko Sacramento, aliyeurithi kwa baba yake kama wengine wanavyorithi kikohozi. Safari hii alipiga simu mwenyewe.

"Kapteni, nakuja Alhamisi," alisema. "Kama ngazi ya nne haina kitu, nazima pampu. Kama ina kitu, nauza nyumba yangu, tuchimbe kwenda chini zaidi. Sina kingine cha kuuza."

"Nyumba unayokaa, Bi. Ashdown?"

"Ninayo moja tu."

Pampu zikizimwa, maji yangepanda mpaka mdomoni mwa shimo, na mgodi uliozama haufufuki. Pale mjini Pascoe Flat, juu kwenye misonobari ya milima ya Sierra, hakukuwa na kazi nyingine. Aliyetaka mshahara ilimbidi ateremke bondeni akachume peasi za watu. Hedley alikuwa na miaka thelathini na sita, na hakuna kitu kingine alichokijua vizuri. Aliutaka mgodi ule uendelee kama mtu anavyotaka kuendelea kupumua.

Habari ya nyumba hakumwambia mtu. Aliona ni siri ya yule mama, haifai kuzungushwa baa. Aliwaambia tu wachimbaji wake kwamba Alhamisi mwenye mgodi anakuja kuamua. Hapo ndipo alipokosea, ingawa hakuna ambaye angemlaumu.

Jumatatu mchana karasha, ile mashine ya kusaga mawe, ilikohoa, ikanyamaza. Mzee Zeke Penrose, aliyeilisha mawe tangu mapafu yalipomkatalia kushuka chini, alitia mkono ndani akatoa jiwe la ukubwa wa ngumi. Lilikuwa limepasuka vipande viwili lakini halikuachana, kwa sababu dhahabu ilikuwa imelishona katikati.

"Kapteni!" alipiga kelele. "Njoo umwone bibi harusi!"

Watu waliacha kila walichokuwa wakifanya. Mmoja alimbeba mwenzake mgongoni akazunguka naye karasha. "Nilikwambia, binamu! Si nilikwambia?" Wote waliitana binamu pale, wenye undugu na wasio nao, kwa kuwa babu zao walitoka Cornwall wakiwa wachimbaji, na mchimbaji wa Cornwall akiulizwa kama anamjua mtu wa kazi, daima ana binamu.

Hedley naye alifurahi, kwa muda wa kumaliza kikombe cha chai. Kisha akalipeleka jiwe dirishani. Mwamba wa ngazi ya nne ni mweupe kama maziwa. Jiwe hili lilikuwa na mistari ya buluu, kama mishipa kwenye mkono wa bibi kizee. Mawe ya namna hiyo aliyajua mahali pamoja tu: kwenye rundo nyuma ya kanisa la Wamethodisti, ambako yeye na wenzake walikuwa wakiteleza na mabati utotoni, na rundo lile lilitoka ngazi ya tisa. Ngazi ya tisa ilikuwa chini ya maji tangu mwaka ule yeye Hedley alipojifunza kutembea.

"Limetoka wapi?" alimuuliza Zeke.

"Ngazi ya nne, binamu. Kwani ulitaka litoke mbinguni?"

Zeke aligeuka haraka akaanza kupaka karasha grisi. Hedley alimfahamu mzee huyu maisha yake yote, na hakuwahi kumwona akimaliza mzaha mmoja bila kuanza wa pili.

Jumanne yalipatikana mengine. Jumatano Hedley aliingia mwenyewe kwenye ghala la mawe yanayosubiri kusagwa, akaanza kuyageuza moja moja. Pembeni alikuta jiwe la ukubwa wa mkate, zito hata ikambidi alinyanyue kwa mikono miwili. Ndani ya nyufa zake kulikuwa na rangi ya kijani iliyokwanguliwa vibaya.

Akakaa chini juu ya mawe. Ile kijani ilikuwa rangi ya mlango wa jikoni kwao. Jiwe lile lilishika mlango huo usipigwe na upepo miaka yote ya utoto wake. Alijifunza kusimama kwa kulishika, na siku moja lilimvunja kidole cha mguu. Hakuwahi kujiuliza kwa nini mtu apoteze rangi nzuri kwa kupaka jiwe. Sasa alijiuliza, na jibu alikuwa nalo mikononi: rangi ilificha dhahabu.

Mama yake, Thomasine, alikuwa mezani akikunja pasti, zile za nyama na viazi ambazo mchimbaji wa pale hashuki chini bila kuwa nazo kwenye kopo lake la chakula. Mlango wa jikoni ulikuwa umeshikwa na tofali.

"Jiwe liko wapi, mama?"

"Jiwe gani?"

Hedley alilitua mezani, katikati ya unga.

"Aa," mama yake akasema. "Hilo."

"Nani wengine?"

"Kanisa zima. Isipokuwa mchungaji, maana yeye ni mgeni, katoka Ohio."

"Mama, mmeiba..."

"Chunga mdomo wako! Hakuna aliyeiba katika nyumba hii. Baba zenu walionja. Mpishi akionja mchuzi, ameiba?"

"Na akionja sufuria zima?"

Thomasine alimwelekezea kisu cha viazi. "Usinifundishe sufuria. Baba yako alionja hilo moja tu, aliniapia, nami nililipaka rangi kwa mkono wangu likashika mlango, na halikununua hata sindano. Nyumba hii ilijengwa kwa maji, mwanangu. Wenzake walikunywa mishahara yao, yeye akanywa maji."

Maneno hayo Hedley alikuwa ameyasikia tangu utoto. Ndiyo yaliyoeleza sakafu ile ya mbao za mwaloni, ambayo nyumba nyingine za mtaa hazikuwa nayo, na piano sebuleni ambayo hakuna aliyejua kuipiga.

"Na sasa tunarudisha," mama yake aliendelea. "Dhahabu ni yake, tumemrudishia kwenye ghala lake. Nionyeshe dhambi iko wapi nikaitubu Jumapili."

"Hamkumrudishia. Mmemtegea chambo."

"Chambo gani? Akiona dhahabu atakwenda benki. Benki zina hela mpaka zinaoza. Mtachimba chini, mtapata, watu watakula."

"Benki haitampa hata kikombe cha maji. Anauza nyumba yake."

Kisu kilisimama hewani. "Nyumba anayokaa?"

"Anayo moja tu."

Thomasine alivuta kiti akakaa. Alifuta unga mikononi kwa aproni polepole, kidole baada ya kidole, na hasira yote ilimtoka usoni.

"Hukutuambia," alisema.

"Nanyi hamkuniambia."

"Sasa utafanya nini?"

Hedley alilichukua jiwe mezani. Akalirudisha ghalani lilikokuwa.

Alhamisi Bi. Ashdown alifika kwa gari lake kuukuu, amevaa glavu na viatu visivyofaa tope. Mawe yalikuwa yamepangwa kwenye benchi mbele ya karasha, na wachimbaji wote walisimama nyuma yake, kofia za chuma mikononi, kimya kama shule siku ya ukaguzi. Mama yule alivua glavu akalinyanyua moja. Uso wake ulichanua, akaonekana kama msichana aliyesikia jina lake likitajwa kwenye zawadi.

"Kapteni," alisema, "ngazi ya nne imefunguka?"

Hedley alijua vizuri kilichokuwa ndani ya neno ndiyo. Kulikuwa na mshahara wa mwaka, pengine wa miwili. Kulikuwa na jina la mama yake kubaki safi kanisani. Aliwatazama watu wake, na hakuna aliyemtazama.

"Hapana," alisema. "Dhahabu ni yako, Bi. Ashdown, lakini haikutoka ngazi ya nne. Imetoka majikoni mwetu. Hilo kubwa ni la kwetu. Nilijifunza kusimama kwa kulishika."

Ndipo Zeke Penrose akajikuna shingo.

"Lile lenye uchafu wa kuku ni langu," alisema. "Lilikaa chini ya kiota. Kuku wangu hawakuwahi kutaga yai la dhahabu, lakini waliliatamia kwa moyo."

Siku nyingine angechekwa. Bi. Ashdown aliketi juu ya sanduku la baruti.

"Na kabla ya jikoni, lilitoka wapi?"

"Ngazi ya tisa, mama," Zeke alijibu.

"Ngazi ya tisa baba yangu aliifunga kwa sababu haikulipa. Alisema aliusoma mwamba vibaya." Sauti yake haikupanda hata kidogo, na hilo lilikuwa baya kuliko kupanda. "Alifika kaburini akijiita mjinga. Mezani, mbele yetu. Tulikuwa tunamwambia, baba, kula."

"Hakuwa mjinga," alisema Hedley. "Mwamba ulikuwa mzuri. Ila ulitolewa nje ndani ya makopo ya chakula kabla ya kufika kwake. Sisi tulikuwa tunaita kuonja."

"Mliiba."

Neno lile lilikuwa halijawahi kusemwa kwa sauti kubwa katika kibanda kile cha karasha, na watu walilipokea wakitazama chini. Hedley aliona aibu mpaka masikio yakamwaka.

Bi. Ashdown alimgeukia Zeke. "Dhahabu ilibaki kule chini?"

"Ilibaki! Siku niliyopanda mara ya mwisho, ukutani kulikuwa na mkanda wa dhahabu upana wa kiganja changu hiki. Niliuona kwa macho haya, nikanyamaza, maana kuusema kungekuwa kukiri kuonja. Tulikuwa wawili, mimi na Digory, baba yake huyu. Mashoto yule! Hakuna aliyetaka kufanya kazi ubavuni kwake, maana sururu yake ilikuja kutoka upande usiotegemea. Mara mbili nusura aninyofoe sikio. Mimi nikapanda, yeye akabaki kung'oa mabomba. Mabomba ya siku mbili yakamchukua wiki tatu. Tulimcheka!"

"Basi sikilizeni," alisema Bi. Ashdown, akasimama na kuvaa glavu zake. "Nyumba yangu siuzi. Leteni yote iliyobaki majikoni. Hiyo ndiyo italipa pampu ziteremke mpaka ngazi ya tisa. Ikiisha kabla hatujafika, basi tumeisha."

Walileta. Jumamosi walipanga foleni mbele ya kanisa, na mifuko ya unga, makopo ya jemu na soksi. Mjane mmoja alileta meno ya dhahabu ya marehemu mumewe, akisema huko alikokwenda hahitaji kutafuna. Mchungaji wa Ohio alisimama mlangoni akiwahesabu waumini wake upya. Kila nyumba ilileta kitu, isipokuwa Thomasine, aliyekuja mikono mitupu na kichwa juu.

"Sisi tulikuwa na moja tu," aliwaambia wote waliotaka kusikia na wasiotaka, "nalo kapteni ameshalibeba."

Majira ya baridi yote walivuta maji. Theluji iliangusha nguzo za umeme, na kazi waliyoifanya kutwa kucha maji yakaimeza yalipopanda tena. Bomba la ngazi ya saba lilipasuka. Jenereta waliyoazima kwenye kiwanda cha mbao ilikunywa mafuta kama ina kiu ya kurithi. Lakini watu waliofanya kazi kwa uvivu miaka mitatu sasa walikuja kabla ya king'ora, kwa sababu kila saa ya pampu ilikuwa kopo la mtu fulani, soksi ya mtu fulani, meno ya mtu fulani. Mzee Zeke alisimama mdomoni mwa shimo kila asubuhi akionyesha kiganja chake. "Upana huu, binamu. Upana huu!"

Aprili, theluji ilipoanza kuyeyuka kwenye paa la kanisa na dhahabu ya majikoni ikiwa imebaki ya siku chache, maji yaliteremka chini ya ngazi ya tisa.

Walishuka watatu: Hedley, Bi. Ashdown aliyeazima buti, na Zeke, aliyekatazwa na daktari na hakumsikiliza. Njia ilikuwa na tope la magotini. Reli zilikuwa zimeliwa na kutu hadi zikawa nyembamba kama nyaya. Walitembea wakishika ukuta mpaka njia ikaishia, na Hedley akanyanyua taa.

Mbele yao kulikuwa na shimo ukutani, la kuingia mtu mpaka mabegani. Mtu aliufuata mkanda ule kwa sururu ndogo, hatua kwa hatua, akautoa wote, kisha akaendelea kidogo kwenye mwamba mtupu ili awe na hakika. Ilikuwa kazi ya uvumilivu. Haikubaki hata chembe.

"Ilikuwa hapa," alisema Zeke. Aliweka kiganja chake kwenye ukingo, pale ambapo mistari ya buluu ilikatika. "Hapa hapa. Naapa."

Hedley hakuwa akimsikiliza. Alikuwa anatazama alama za sururu. Mtu wa mkono wa kulia akisimama pale, pigo lake hushuka kutoka kulia. Alama zile zote, za juu na za chini, zilishuka kutoka kushoto, safi, zimepangwa kama mshono wa fundi. Alizipitishia kidole. Zeke naye aliziona, akamtazama Hedley, akavua kofia bila kusema neno. Kwa Zeke, hilo lilikuwa jambo kubwa.

"Ni nani?" aliuliza Bi. Ashdown.

Angeweza kusema hajui. Waliokuwa wakijua walikuwa wamekufa, na Zeke asingemsaliti.

"Baba yangu," alisema. "Zile wiki tatu za mabomba."

Bi. Ashdown alisogea akaweka mkono wake ukutani, akauacha hapo muda mrefu. Hedley alisubiri atukanwe, na alitamani atukanwe.

"Basi baba alisoma vizuri," alisema mwishowe. "Ilikuwa hapa, kama alivyosema." Machozi yalimtoka akayaacha. Kisha akasema, "Zima pampu, Kapteni."

Hedley alizizima kwa mkono wake mwenyewe. Alipofika juu watu walikuwa wamekwisha kujua, maana mji ule ulizoea kuishi na mlio wa pampu na sasa ulikuwa kimya. Wengine walikuwa wamesimama kwenye baraza zao. Hakuna aliyemwita binamu, na hakuna aliyemtukana. Aliteremka moja kwa moja nyumbani.

Mama yake alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, mguu mmoja kando ya tofali.

"Kimya hiki," alisema. "Mmepata nini kule?"

"Tumemkuta baba."

Mama yake hakuelewa, kwa hiyo ilibidi Hedley amweleze. Alimweleza kwa ufupi: shimo, mkanda uliong'olewa wote, sururu iliyopiga kutoka kushoto. Thomasine alisikiliza huku akishika fremu ya mlango. Alipomaliza, mama yake alitazama sebuleni, kwenye ile piano, halafu akateremsha macho kwenye sakafu ya mwaloni, aliyoipiga nta kila Ijumaa tangu Hedley alipokuwa mtoto mdogo.

"Aliniapia ni lile moja tu," alisema.

Akainama, akavua viatu, akaingia ndani kwa soksi, taratibu, kama anayeingia nyumba ya watu.